Paka wa kituoni mwenye kisukari: jinsi ya kuamua kama umchukue

Wageni wengi wa vituo vya kuokoa wanyama wakisoma neno "insulini" kwenye kadi ya kizimba, husogea kwa paka anayefuata. Ni hasara kwa paka, na mara nyingi kwa mgeni pia. Kisukari cha paka hudhibitika, na paka anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka mingi akila, akicheza na kulala juani kama wenzake. Kinachowashinda watu mara nyingi ni saa. Insulini huchomwa mara mbili kwa siku, tuseme saa moja asubuhi na saa moja usiku, leo, kesho, sikukuu na siku ya msiba. Kwa hiyo kabla hujauliza kama paka ataweza kuishi na ugonjwa, jiulize kama ratiba yako itaweza kuishi nao.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao uamuzi unapaswa kufuata: faili kwanza, paka mwenyewe pili, kisha nyumba yako. Ukianza kwa kumpakata, utasoma faili ukiwa umeshaamua.

Ugonjwa wenyewe, kwa kifupi

Kisukari cha paka kinafanana zaidi na aina ya pili ya binadamu. Mwili huacha kuitikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu; kongosho inayoitengeneza hujitahidi hadi kuchoka, na sukari hubaki kwenye damu. Wanaopatwa zaidi ni paka wa umri wa kati na wazee, wanene, wanaoshinda ndani bila shughuli, na madume waliohasiwa. Dawa za steroidi, hasa sindano za muda mrefu zinazotolewa kwa mzio wa ngozi au vidonda vya mdomoni, nazo huweza kuuanzisha.

Sukari ikipita kama milimoli 14 hadi 16 kwa lita (mmol/L), figo hushindwa kuizuia na huanza kumwagika kwenye mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana paka hukojoa sana, hunywa sana, hula sana na bado hukonda.

Hatua ya kwanza: soma faili, usiridhike na maelezo ya mdomo

Omba nakala ya rekodi zote za daktari wa mifugo. Anza na namna ugonjwa ulivyogunduliwa. Paka akiogopa, sukari yake inaweza kupanda hadi kupita 16 mmol/L kwa muda, bila kisukari chochote. Sasa fikiria paka aliyeokotwa, akafungiwa kwenye kizimba kando ya mbwa wanaobweka, kisha akashikwa na watu wawili achomwe sindano ya kutoa damu. Kipimo kimoja cha damu cha siku hiyo hakitoshi kumpa jina la mgonjwa. Tafuta vitu vitatu vinavyoshikana: dalili zilizoandikwa, sukari kwenye mkojo, na kipimo cha fruktosamini, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa wiki moja hadi tatu zilizopita. Fruktosamini ikikosekana, omba ipimwe kabla hujasaini. Paka amewahi kuwekwa kwenye insulini asiyoihitaji, na hiyo ni hatari kuliko kisukari chenyewe.

Kisha tafuta haya:

- Jina la insulini, nguvu yake (U-40 au U-100), dozi, tarehe alipoanza, na kila mara dozi ilipobadilishwa na kwa nini.
- Vipimo vya sukari vya wiki mbili za karibuni, vikiwa na saa.
- Uzito pamoja na tarehe. Paka anayeongezeka polepole au aliyetulia ni habari njema; anayekonda huku akila bado hajadhibitiwa.
- Kama amewahi kupewa steroidi, na lini mara ya mwisho.
- Kama amewahi kuzirai kwa sukari kushuka au kulazwa kwa sababu ya ketoni, yaani asidi zinazojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta badala ya sukari.
- Hali ya figo, tezi ya thairoidi, mkojo na meno.

Hilo la mwisho watu hulipita haraka, na ndilo linaloeleza kesi nyingi za "insulini haifanyi kazi". Meno yaliyooza, fizi zilizovimba au maambukizi ya njia ya mkojo huufanya mwili ukaidi insulini. Daktari akiyatibu, dozi ileile huanza kufanya kazi, na wakati mwingine lazima ipunguzwe. Kwa hiyo paka mwenye mdomo mbovu na sukari iliyo juu anaweza kuwa kesi nyepesi kuliko anavyoonekana kwenye karatasi.

Kesi nzito hujitambulisha kwa dozi. Paka wengi huanza kwa yuniti 1, mara mbili kwa siku. Anayechomwa zaidi ya yuniti 5 au 6 kila mara na sukari bado iko juu anahitaji maelezo. Uwezekano mmoja ni uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji. Paka wa namna hiyo anaweza kunenepa ingawa kisukari chake hakijadhibitiwa, uso hupanuka, na nyayo huwa kubwa. Anaweza kutunzwa, ila haifai awe mgonjwa wako wa kwanza.

Kuna dawa za kumeza pia. Marekani iliidhinisha kidonge cha bexagliflozin mwaka 2022 na dawa ya maji ya velagliflozin mwaka 2023, zote mara moja kwa siku. Zinavutia, lakini idhini hiyo iliwahusu paka ambao hawajawahi kutibiwa kwa insulini. Hatari yake kubwa ni sumu ya ketoni, ambayo kwa dawa hizi inaweza kuja hata kipimo cha sukari kikionekana kizuri. Kama kituo kimeshamwanzisha insulini, usimchukue kwa matumaini kwamba utamhamishia kwenye kidonge.

Hatua ya pili: mtazame paka akiwa anatembea

Omba atolewe kizimbani, umwangalie kutoka nyuma. Paka mzima hutembea kwa vidole vya miguu, visigino vikiwa juu. Sukari ikikaa juu kwa miezi, mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma huumia, na paka huanza kukanyaga kwa kisigino, mguu wote ukilala sakafuni kama wa sungura. Hushindwa kuruka hadi kwenye kiti alichokuwa akikirukia. Usimkatae kwa hilo. Udhibiti mzuri wa sukari unaweza kuurudisha mguu, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi.

Pitisha mkono kwenye mgongo. Mifupa inayochoma kiganja pamoja na manyoya makavu yenye mba ni dalili ya paka ambaye bado ana safari. Macho yasikutishe: tofauti na mbwa, paka ni nadra kupofuka kwa mtoto wa jicho unaoletwa na kisukari.

Jambo moja linaweza kufunga mjadala hapa. Kama paka ni wa porini, hashikiki, na kila mguso unamfanya atoe kucha, sindano 14 kwa wiki zitakuwa vita. Mwoga ni tofauti na asiyeshikika. Mwoga anayekula mbele yako, hata kwa wasiwasi, mara nyingi hufundishika, kwa sababu sindano huambatana na chakula.

Hatua ya tatu: pima saa zako

Chukua kalenda ya wiki mbili zilizopita, siyo ya wiki unayoitamani. Weka alama ya nyakati mbili zinazopishana kwa saa 12, kisha uhesabu ni mara ngapi hukuwepo nyumbani saa hizo. Kuchelewa kwa nusu saa au saa moja hakuleti janga. Zikifika mara tatu au nne kwa wiki ambapo ungechelewa kwa saa nyingi, badilisha saa ulizochagua au kubali kwamba mpangilio huu haukufai. Kazi ya zamu zinazobadilika ndiyo ngumu kuliko zote, isipokuwa nyumbani kuna mtu wa pili.

Mtu wa pili ni lazima hata kwa asiye na zamu. Utaugua, utasafiri, utafiwa. Mtafute kabla ya kumleta paka, na mwende wote kituoni kujifunza. Jirani anayesema "nitakusaidia tu" bila kuwahi kushika bomba la sindano bado hajawa msaidizi.

Hatua ya nne: choma sindano kituoni, mbele ya anayejua

Usisaini kabla hujachoma angalau mara mbili kwa mkono wako. Watu wengi hushangaa: sindano ni fupi na nyembamba mno, na paka akiwa na kichwa ndani ya bakuli mara nyingi hata hageuki.

Kabla ya hapo, elewa bomba. Insulini ya U-40 ina yuniti 40 kwa kila mililita. Ya U-100 ina yuniti 100. Kila moja ina bomba lake lenye alama zake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi alama ya 1, umechukua yuniti 2.5, na paka anaweza kufa. Ukifanya kinyume chake, anapata yuniti 0.4, na utabaki ukishangaa kwa nini dawa haifanyi kazi. Linganisha namba ya chupa na namba ya bomba kila unaponunua, kwa sababu muuzaji naye hukosea. Kwa insulini ya U-100, tafuta bomba la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti.

Utaratibu wenyewe ni huu. Toa insulini kwenye friji na uitazame. Glargine, aina ya insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu, inapaswa kuwa angavu kama maji. Ikiwa na ukungu au chembe, itupe. Aina zenye rangi ya maziwa huchanganywa kwanza, nyingine kwa kubingirisha chupa taratibu viganjani, nyingine kwa kutikisa, hivyo fuata karatasi ya aina yako. Vuta dozi, kisha inua bomba kwenye mwanga na utafute viputo. Yuniti 1 ya U-100 ni sehemu moja ya mia ya mililita, tone dogo lisilozidi punje ya mtama. Kiputo cha ukubwa huo kinakula dozi nzima.

Mpe paka chakula. Akishaanza kula, shika ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili na uinue ifanye kama hema. Ingiza sindano chini ya hema hilo, ikielekea mbele na siyo chini kwenye msuli, sukuma, hesabu moja hadi tatu, toa. Ngozi ya shingoni nyuma huonekana rahisi, lakini ubavu hufyonza dawa vizuri zaidi. Badilisha upande kila mara.

Mwisho, papasa manyoya. Yakiwa na unyevu, sindano imetokea upande wa pili na dawa imeishia nje. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: wanachoma tena. Usichome tena kamwe. Hujui ni kiasi gani kimeingia. Sukari kuwa juu kwa saa 12 haina madhara makubwa, ilhali dozi mara mbili inaweza kuua kabla hakujapambazuka. Kanuni hiyohiyo hutumika pale watu wawili wa nyumba moja wanaposhindwa kukumbuka nani amechoma. Weka karatasi kwenye mlango wa friji, na kila anayechoma atie saini kabla ya kurudisha chupa.

Hatua ya tano: hesabu vifaa

Mabomba 730 kwa mwaka, kwa maana kila moja hutumika mara moja tu. Sindano iliyotumika huwa butu, huuma, na huchafua chupa. Hifadhi zilizotumika kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko, uzipeleke zinakopokelewa taka za hospitali.

Kwa insulini, hesabu inadanganya. Paka wa yuniti 1 mara mbili kwa siku hutumia kama yuniti 60 kwa mwezi. Chupa ya mililita 10 ya U-100 ina yuniti 1,000, na nyingi zitaharibika kabla hujazifikia. Kalamu ya insulini ya mililita 3 ina yuniti 300, na mara nyingi ndiyo isiyopoteza. Watengenezaji wa glargine wanataka itumike ndani ya siku 28 baada ya kufunguliwa. Kama daktari wako anaruhusu zaidi ikiwa kwenye friji, akuandikie tarehe ya mwisho. Joto la friji liwe nyuzi 2 hadi 8, na chupa isiguse ukuta wa nyuma ambako huganda. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Utahitaji mashine ya kupimia sukari. Zile za binadamu kwa kawaida husoma chini ya ukweli kwenye damu ya paka. Iliyotengenezwa kwa wanyama ni bora. Kama unatumia ya binadamu, tumia hiyohiyo daima na daktari ajue. Damu hutolewa ukingoni mwa sikio: lipashe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kwa nusu dakika, weka pamba nyuma yake, dunga kati ya mshipa na ukingo, kisha subiri tone lijae. Sikio baridi halitoi damu, na kulidunga mara nne ndiko kunakomfanya paka akimbie akiiona mashine.

Ongeza vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo, na mizani ya mtoto mchanga. Kituo kikikupa kifaa cha kuvaa ngozini kinachopima sukari mfululizo, kipokee. Kimetengenezwa kudumu siku 14, ingawa kwa paka mara nyingi hubanduka mapema. Bila hicho, daktari atakuomba mara kwa mara upime kila saa 2 kwa saa 12. Anachotafuta ni pale sukari inaposhuka chini kabisa, na lengo la kawaida la sehemu hiyo ni kati ya 4.4 na 8 mmol/L. Mashine yako ikionyesha miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18.

Chakula, na paka wengine wa nyumbani

Chakula kinachofaa ni cha unyevu, chenye protini nyingi na wanga kidogo, usiozidi karibu asilimia 12 ya kalori. Kosa la upendo ni kumleta paka nyumbani na kumbadilishia chakula kikavu kwa cha unyevu siku hiyohiyo. Wanga ukipungua, sukari hushuka, na dozi iliyokuwa sawa jana inakuwa kubwa mno leo. Badilisha kwa siku kadhaa, ukipima, daktari akijua.

Mnene apunguzwe taratibu, nusu hadi asilimia moja ya uzito kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6 ni gramu 30 hadi 60. Kumnyima chakula ili akonde haraka huweza kujaza ini mafuta na kumuua.

Kama tayari una paka ambao bakuli lao hukaa wazi mchana kutwa, mtindo huo utabadilika kwa wote. Usipojua nani amekula, hujui kama mgonjwa amekula, na bila kujua hilo hupaswi kuchoma.

Dharura mbili za kuzijua kwa moyo

Sukari kushuka. Chini ya kama 3.3 mmol/L, paka anaweza kutafuta chakula kwa fujo, kujificha, kuyumba kama mlevi, kutetemeka, kisha degedege na kuzimia. Akiweza kumeza, mpe chakula mara moja. Akishindwa, mpake asali au sharubati nzito ya sukari kwenye fizi kwa kidole, bila kumimina kooni kwa sababu itaingia mapafuni, na uende kwa daktari huku ukiendelea. Akizinduka bado aende. Insulini iliyomo mwilini haijaisha kazi.

Ketoni. Hii huja polepole: anakataa chakula, anatapika, analegea, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kijiti kikionyesha ketoni na paka anaumwa, nenda siku hiyohiyo. Matibabu ni ya kulazwa.

Jua kliniki gani inafungua usiku kabla ya usiku huo kufika.

Kuhusu matumaini ya kuacha insulini

Kuna paka ambao kisukari chao hulala: sukari hubaki kawaida kwa wiki nne au zaidi bila insulini. Hutokea zaidi kwa waliogunduliwa hivi karibuni, wakadhibitiwa vizuri mapema, wakala wanga kidogo, au ambao chanzo chao kilikuwa steroidi zilizosimamishwa. Mchukue ukiwa tayari kuchoma sindano maisha yake yote. Ugonjwa ukilala, endelea kumpima, maana huamka.

Kabla ya kusaini, omba majaribio

Mweleze mhusika wa kituo kwamba unaomba kumlea kwa wiki mbili. Ni sindano 28. Katika hizo utakosa usingizi mara kadhaa, utadunga sikio vibaya, na utajua. Ukiona huwezi, kumrudisha ndani ya wiki mbili hakumdhuru kama kumwacha bila dawa miezi sita baadaye.

Siku ya kumchukua, andika saa ya sindano yake ya mwisho na kiasi alichokula, na uondoke na chakula kilekile na insulini ileile. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Vipimo vya siku mbili za mwanzo vinaweza kuwa juu kwa sababu ya woga, kwa hiyo usipandishe dozi. Hatari ya kweli huja baadaye kidogo: paka akizoea nyumba na woga ukiisha, sukari hushuka, na dozi iliyopangwa kizimbani inaweza kumzidi. Mwombe daktari akuandikie namba moja ambayo kipimo kikiwa chini yake huchomi, unapiga simu kwanza. Ibandike kando ya ile karatasi ya saini, na umpime kabla ya kila sindano kwa siku 14 zote.